Kochi Lisiende Uingereza, Friji Isirudi Kimulot

Kochi lisiende. Tuanzie hapo, kwa sababu kila familia ninayoijua iliyowahi kupeleka mtu majuu imepoteza angalau jioni moja ikijadili kochi. Ni lile kochi la viti saba, la rangi ya maziwa, lililonunuliwa kwa mafundi wa kando ya Ngong Road, likalipwa kwa mafungu manne, likakaliwa na wageni tu. Mwenyewe anasema hawezi kuliacha. Anasema ameambiwa viti huko ni ghali. Kuna binamu, na daima kuna binamu, anayemjua mtu anayejaza kontena.

Haya, tulifikirie hilo kontena. La futi 20 linabeba kama mita 33 za ujazo. Kochi lako, kitanda cha futi 5 kwa 6, meza, kabati ya vyombo na ile TV havifiki hata nusu. Kwa hiyo unasubiri wenzako wajaze iliyobaki, na wenzako wanasubiri visa. Halafu Mombasa. Halafu bahari, ambayo tangu mwisho wa 2023 imekuwa ndefu zaidi, maana meli nyingi za kwenda Ulaya zinaikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kule chini kabisa, Rasi ya Tumaini Jema. Miezi inapita. Na mwisho wa safari kochi linafika kwenye nyumba ya kupanga ya watu watano, wewe una chumba kimoja juu, na ngazi ni nyembamba kama ya kupandia darini. Utalikalisha wapi? Barabarani?

Kuhusu vifaa vya umeme: Uingereza wanatumia soketi kama zetu, za pini tatu za mraba, na umeme wa nguvu kama wetu, kwa hiyo birika na pasi vitafanya kazi. Marekani na Kanada umeme wao ni volti 120, nusu ya wetu, birika lako litachemsha maji mpaka jioni. Hilo ndilo jambo zima. Nimelimaliza kwa sentensi mbili, na bado kuna watu wanalitengenezea video ya dakika 40.

Ninaandika haya nikiwa na hasira kidogo, na afadhali niseme hasira inatoka wapi. Dadangu aliondoka Septemba 2024 kwenda kuwatunza wazee katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Kwetu ni Kimulot, kule juu Konoin, kaunti ya Bomet, mahali chai inapoishia na msitu wa Mau unapoanza. Wiki tatu kabla hajaondoka, nyumba yetu iligeuka bunge. Hoja zilikuwa: kochi, friji, sufuria, majani ya chai, sotet ya marehemu kogo, na magodoro mawili. Nilihudhuria vikao vyote. Nilibeba baadhi ya hivyo vitu mgongoni. Kwa hiyo nina haki ya kusema.

Tatizo la kwanza ni ile orodha. Kama una ndugu anayejiandaa kuondoka, umeiona. Inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, haina mwenyewe, na kila anayeipokea anaongeza kitu. Unga wa ugali pakiti nne. Royco. Mwiko. Sufuria namba tatu na mfuniko. Dawa za kichwa. Nguo za ndani za mwaka mzima. Picha za pasipoti 12. Mafuta ya kujipaka ya chupa kubwa. Ukiisoma kwa makini utaona jambo: imeandikwa kwa ajili ya nyumba unayokwenda. Kila mstari unauliza, huko utakula nini, utavaa nini, utapikia nini. Hakuna mstari unaouliza, je, nyumba unayoiacha itaishije? Ni kama mtu anahama kutoka hewani.

Watu wa mtandaoni wanaicheka orodha hii. Wanasema, mbona unabeba mwiko, kwani huko hakuna mbao? Mimi siko upande wao. Mwiko uende. Kilo ngapi, robo? Na hasa majani ya chai yaende, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipogombana na shemeji yetu mmoja aliyesoma.

Hoja yake ilikuwa kwamba kupeleka chai Uingereza ni ushamba. Waingereza wanaishi kwa chai, alisema, na nusu ya hiyo chai inatoka huku huku, sasa unairudisha ya nini? Ilisikika kama hoja. Wote walicheka, hata Mama. Lakini hebu fuata jani lenyewe. Mama anachuma. Anapeleka kikapu kituoni, karani anapima, lori linapita, majani yanaenda kiwandani, kwetu wengi ni Mogogosiek. Kilo nne na ushee za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai kavu. Mama analipwa shilingi 20 na ushee kwa kilo kila mwezi, kisha anaingoja bonasi ya Oktoba, ambayo kila mwaka inakuja pungufu kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, na kila mwaka tunaambiwa ni ubora. Chai inashuka mnadani Mombasa. Hapo inakaa pamoja na chai ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, na anayeinunua anaichanganya anavyotaka. Kenya ndiyo inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na inaiuza kwa gunia. Ile pakiti ambayo dadangu anaikuta dukani huko ina picha ya kikombe na jina la Mzungu. Pengine ndani yake kuna jani la Mama. Pengine hakuna. Hawezi kujua, na ndivyo biashara ilivyopangwa.

Nusu kilo iliyonunuliwa kwenye duka la kiwanda, ikafungwa ndani ya soksi, ikawekwa katikati ya masweta, ndiyo chai pekee kutoka shamba letu iliyowahi kufika Uingereza watu wakijua imetoka wapi. Shemeji, samahani, huo si ushamba. Dadangu anawapikia wale wazee anaowatunza, anawaambia hii ni ya nyumbani. Mmoja alimuuliza kama kwao kuna umeme. Aah, basi.

Sotet ilikuwa kesi ngumu zaidi. Kwa msomaji asiye wa kwetu: sotet ni kibuyu cha mursik. Unakisafisha kwa sosiot, ule ufito wenye manyoya (kuna hata mji Kericho unaoitwa Sosiot), unakipaka ndani makaa ya mti wa senetwet, unamwaga maziwa, unayaacha yagande siku kadhaa. Mursik yenyewe haiwezi kwenda, hilo halina mjadala, Uingereza hairuhusu abiria kutoka nchi kama yetu kuingia na maziwa wala nyama. Lakini kibuyu kitupu? Mjomba alisisitiza kiende. Alisema mtoto wa Kipsigis hawezi kuishi nyumba isiyo na sotet. Alisimama kabisa kulisema hilo, mkono mmoja kwenye fimbo.

Nampenda mjomba, lakini hapana. Sotet bila ng'ombe, bila senetwet na bila mtu wa kuifukiza kila wiki ni pambo la ukutani. Itakauka, itapasuka kwenye joto la radieta, na dadangu atalia siku hiyo kuliko siku ya kuagana. Kibuyu kinaishi kwa kutumiwa. Kikae kwa Mama, ambako kina kazi.

Halafu niliona kitu kilichonikera na bado kinanikera. Sisi ni mabingwa wa kupokea. Mwanariadha akirudi na medali, pale JKIA wazee wanamngoja na sotet, anakunywa mbele ya kamera, nchi nzima inajua mursik ni nini kwa sababu ya picha hizo. Tuna desturi kamili ya anayerudi. Ya anayeondoka hatuna. Tuna harambee, sawa, tuna mhubiri, tuna hema la kukodi na kisado cha wali. Lakini hakuna anayejua mtu anayeondoka anapewa nini, anaacha nini, na kwa nani. Ndiyo maana tunashika orodha ya WhatsApp. Tunaishika kama mtu anayezama anavyoshika jani.

Usiniambie hatujawahi kuhama. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa ma-orkoiyot, ikawatoa Kericho, karibu watu 700, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o. Walikaa huko karibu miaka 30. Ardhi ya kwetu ikageuka mashamba ya chai ya kampuni. Nimesikia wazee wakiongea habari hiyo tangu nikiwa mdogo, na hata siku moja sijasikia mtu akisema walibeba nini. Wanasema nani alibaki. Nani alifia huko. Mtoto wa nani alizaliwa huko akarudi hajui nyumba ya babu yake iko wapi. Ndivyo watu walioonja kuhamishwa wanavyohesabu.

Sasa msije mkaniwekea maneno mdomoni. Dadangu hakufukuzwa. Alijaza fomu, akafanya mtihani wa Kiingereza, akapata cheti cha udhamini, akapanda ndege akiwa amevaa viatu vipya. Anaposema "uhamishoni" kwenye stetasi yake huwa namtumia emoji ya jicho. Lakini pia tusidanganyane kwamba aliondoka kwa kupenda baridi. Kazi ya chai haitoshi tena watu wa kwetu. Mei 2023 vijana wa Kericho walichoma mashine za kuchuma majani kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Na pesa ya kuondokea inatoka palepale: bonasi, ng'ombe, kipande cha shamba. Tuliona Eldoret mwaka huohuo wa 2023, wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana na risiti mkononi wakidai karo walizolipia watoto waende Finland na Kanada, na wengine walikuwa wameuza shamba. Mtu akishauza shamba ili aondoke, ni aibu kumsimamisha hapo mkibishana kuhusu sofa.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika.

Uingereza ina msamaha wa ushuru kwa mtu anayehamia huko. Vitu ulivyomiliki na kuvitumia kwa miezi 6 au zaidi, ukiomba kibali, ukavileta ndani ya miezi 12 tangu ufike, vinaingia bila ushuru. Kochi. Friji. Baiskeli. Hata paka, akishachanjwa na kupimwa kama inavyotakiwa. Hiyo ni sheria yao, na ni sheria ya ukarimu kabisa.

Sasa sikiliza nyingine. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mtu anayeomba visa ya kazi ya utunzaji haruhusiwi kwenda na mume, mke wala mtoto.

Dadangu ana mtoto. Wakati ule alikuwa na miaka minne, msichana, ana meno madogo yaliyoachana mbele na tabia ya kujibu swali kwa swali. (Baba yake yupo, lakini hadithi yake si ya ukurasa huu.) Kwa hiyo mbele ya serikali ya Uingereza, mwaka 2024, dadangu angeweza kuingia na kochi la viti saba bila kulipa ushuru hata senti, angeweza kuingia na paka, lakini si na huyu. Julai 22, 2025 wakafunga hata mlango wenyewe, hawachukui tena watunzaji wapya kutoka nje. Walioingia kabla wako ndani, watoto wao wako nje.

Huo ni ukatili, na walioutunga walijua wanachofanya. Walitaka mikono bila mtu. Ghuba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, kila familia ya kwetu iliyopeleka msichana Saudia inajua. Lakini mimi siandiki kwa bunge la Uingereza, halinisomi. Ninaandika kwetu, kwa sababu sisi tulifanya nini na hiyo sheria? Tulikaa jioni tatu kujadili friji. Mtoto tulimjadili dakika kumi.

Sitii chumvi. Nilikuwepo. Mjomba aliuliza, "Na mtoto?" Mama akajibu, "Mtoto si atabaki na mimi." Mjomba akasema, "Hilo halina shida." Dadangu alikuwa anaangalia chini, anakunja kona ya kitambaa cha kiti. Kisha mtu akauliza kama friji iende na pikapu ya Ijumaa au canter ya Jumapili, na kila mtu akapata sauti tena.

Wale watakaosema hivyo ndivyo Waafrika walivyo, kwamba mtoto ni wa jamii, kwamba nyanya kulea mjukuu si habari, nawaelewa. Mimi mwenyewe nililelewa nusu na kogo. Lakini kogo alinilea mama yangu akiwa ng'ambo ya bonde, anakuja Jumamosi na sukari. Huyu mama yake yuko kwenye simu ambayo Kimulot inashika mtandao ukisimama karibu na tangi la maji. Na nyanya anayelea ana umri wa miaka 61, anaamka saa kumi na moja kuchuma chai kwenye umande, mgongo wake una kikapu tayari. "Halina shida" maana yake ni kwamba shida tumempa mtu asiyelalamika.

Kuna mambo mtu wa miaka minne anayahitaji, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye orodha. Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi: kilikuwa Nairobi, ndani ya droo ya meza iliyouzwa, tulikipata kwa bahati kwa sababu mnunuzi ni mtu mwaminifu. Ameandikishwa SHA chini ya nani, maana NHIF iliondoka Oktoba 2024 na kila mtu akaanza upya. Akiugua usiku, nani anaamua apelekwe Litein au Bomet, na kwa pesa ya nani? Karo ya chekechea inatumwa kwa simu ya Mama au ya mjomba? (Si ya mjomba.) Barua kwa chifu kwamba huyu mtoto yuko kwa nyanya yake kwa idhini ya mama yake. Siku gani ya wiki ni siku ya simu, na ikikosekana anaambiwa nini? Haya yote yanaingia kwenye karatasi moja. Hayana uzito. Hayalipiwi kilo.

Tuliyaandika, mwishowe, usiku wa mwisho kabisa, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la Mama la kilo za chai, mimi nikishika tochi kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Yangeandikwa wiki ya kwanza, kabla ya friji kutajwa.

Friji sasa. Nimeiahirisha kwa sababu ina kichekesho chake. Wazo la kawaida la mtu anayeondoka Nairobi ni kwamba visivyokwenda majuu vinarudi nyumbani. Uza kidogo, peleka vingine kwa Mama. Kwa hiyo Mama zetu wamekuwa walinzi wa maghala. Ingia nyumba nyingi za kwetu uone: mabati mazuri, sebule ndogo, na ndani yake kochi la Mama, na juu ya kochi la Mama kochi la mtoto aliyeko Texas, limefungwa nailoni, na TV mbili, moja imeziba dirisha. Wageni wanakaa jikoni. Mama hawezi kuuza kitu, ni cha mtoto. Hawezi kukitumia, ni cha mtoto. Panya hawajui ni cha nani.

Na friji, Kimulot! Juu kule usiku unalala na blanketi tatu. Maziwa yakibaki jioni tunayaweka dirishani, asubuhi yako sawa. Na tukitaka yagande tuna sotet, tumekuwa na teknolojia hiyo kabla ya kampuni ya umeme. Jirani yetu aliletewa friji ya milango miwili na mwanawe. Anaweka ndani vitambaa vya kanisa na unga, ili panya wasifike. Ni kabati nzuri sana ya shilingi 60,000.

Ninajua hoja ya upande wa pili na ni hoja yenye nguvu kuliko zote humu. Wanasema: ukiuza kila kitu umejifungia njia ya kurudi. Mtu akiwa na kochi lake mahali, ana nchi. Kazi ikimshinda, visa ikiisha, bosi akiwa mnyama, anarudi na kukuta kitu chenye jina lake. Rafiki yangu mmoja alirudi kutoka Doha baada ya miezi saba, hana hata kijiko, akalala chini kwa binamu Githurai akaona haya kupita kiasi cha kwenda nyumbani. Kwa hiyo hawa hawasemi upuuzi. Tena serikali yetu haimsaidii anayerudi. Inamhesabu anapotuma tu. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma zaidi ya dola bilioni 4.9, kupita mapato ya chai yenyewe, na mawaziri wanaitaja namba hiyo kila wanapopata kipaza sauti.

Ila kochi si njia ya kurudi. Kinachomrudisha mtu ni kitanda. Kimoja, cha futi tatu na nusu, chenye godoro na blanketi, katika chumba ambacho hakijajazwa mizigo. Hicho ndicho dadangu alichobakiza, baada ya mimi kupiga kelele. Sasa hivi analala mtoto wake juu yake, na mama akirudi watabanana. Vingine vyote viliuzwa kwa siku tisa. Stetasi moja, picha nzuri, bei ya kweli, mteja anakuja na usafiri wake. Kochi lilikwenda Rongai. Friji ilinunuliwa na wanandoa wapya wa Umoja kwa shilingi 14,000, ambao walinishukuru kana kwamba nimewapa figo.

Zile 14,000 hazikwenda kwenye tiketi, ingawa ajenti alikuwa na mawazo mengi kuzihusu. Zilikwenda kwa Mama, mkononi, noti kwa noti, na aliambiwa si za mjomba, si za kanisa, ni za kulipa kijana wa kumsaidia kuchuma siku mbili kwa wiki ili asubuhi moja moja amfunge mtoto viatu bila kukimbia. Nasisitiza hili kwa yeyote anayeuza vitu mwezi huu. Ukiuza friji, pesa ya friji ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule anayebaki na kazi. Hujampa zawadi. Umemlipa kidogo sana kwa kazi ambayo huko unakokwenda, ukiifanya kwa mzazi wa mtu mwingine, utalipwa kwa saa.

Mengine hayana uzito wa kunigombanisha na mtu. Picha: piga simu picha za albamu, albamu ibaki. Biblia ndogo, ndiyo. Blanketi, hapana, utafika ukute za bei rahisi na nzito kuliko za Kericho. Shuka za kiondo cha harusi, jamani, hujaolewa. Unga pakiti mbili zinatosha kukuvusha mpaka utakapolijua duka la Wahindi. Dawa beba na karatasi ya daktari.

Upimaji wa begi mwachie mtu aliyechuma chai. Usiku ule Mama aliliinua begi la dadangu kwa mkono mmoja, akalishika hewani kidogo kama anavyoshika kikapu kabla ya karani, akasema, "Hii ni ishirini na tano. Toa kitu." Uwanjani mizani ilisema 22.8, baada ya kutoa jozi ya viatu na chupa ya mafuta. Miaka 40 ya kilo 23 na kilo 30 mgongoni, anajua.

Na sufuria? Moja, ndogo, yenye mfuniko. Zile kubwa mbili za sherehe zilibaki kwa Mama, zina kazi Desemba.